Kura kwenye Beseni

Kabine yangu iko karibu na stesheni ya treni ya Kamina, Kongo: mwavuli, meza, kiti cha plastiki, na paneli ya jua niliyoifunga kwa waya juu ya paa la jirani. Nauza unite za simu, natuma na kupokea pesa, nachaji simu. Ukiniachia simu yako nachana kikaratasi chenye namba, nusu naibandika kwenye simu, nusu unakwenda nayo. Kwa kazi hii najua mambo ya watu kuliko padri. Najua nani anatumiwa pesa kutoka Kolwezi kila mwisho wa mwezi, na nani anamwambia mke wake kwamba hazijafika.

Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kujua kwamba ile kura imenunuliwa. Niliiuza mimi.

Kampuni moja inayofanya biashara hapa kwetu, jina naliacha, ilitangaza redioni kwamba itaipa kartie yetu zawadi, na wananchi wenyewe ndio watakaochagua. Vitu vilikuwa vitatu: foraji mpya, yaani kisima cha kuchimba cha maji, madawati ya shule, au jezi na mipira ya timu ya vijana pamoja na kusawazisha uwanja. Unatuma 1, 2 au 3 kwa meseji. Siku kumi tu, na kitakachopata meseji nyingi ndicho kitakachofanywa.

Wamama walifurahi. Mtu anayeamka saa kumi ya alfajiri kupanga foleni ya bidoni haulizwi mara mbili kama anataka maji. Wakasema hiyo foraji imeshapita, nani atakayechagua mpira? Walikuja kabineni mmoja mmoja, wengine bila simu, wakaniomba nitumie yangu. Nilituma 1 kwa ajili ya bibi mmoja muuza samaki wa Bukama, naye akanilipa kwa kipande cha samaki mkavu kutoka kwenye beseni lake. Kisha wakarudi kwenye kazi zao wakijua wameshapiga kura.

Siku ya nane akaja katibu wa timu na vijana wanne, kila mmoja na simu mbili.

“Mama, tupe unite za franka elfu arobaini.”

Nikamuuliza, “Papa, unampigia nani, Ulaya?” Akacheka. Wakakaa kwenye ukingo wa mtaro mbele yangu, vichwa chini, vidole gumba vinakimbia: 3, tuma; 3, tuma. Simu zikiisha moto wananipa nichaji, wanachukua nyingine. Kila meseji ilihesabiwa kura, basi hawakuvunja kanuni yoyote. Niliwatoza na pesa ya kuchaji. Usiku, nilipohesabu mapato, ndipo haya zikanishika.

Jezi zilishinda. Ni nzuri, sikatai: za buluu, zenye mstari mweupe begani.

Kwa muda nilidhani ni ujinga wetu wa Kamina. Mpwa wangu anayesoma hapa kwenye chuo kikuu ndiye aliyeniambia nitulie, hata Marekani yamewakuta. Mwaka 2010 kampuni ya Pepsi iliacha kutangaza soda yake kwenye fainali kubwa ya mpira wa Kimarekani, ikaanzisha Pepsi Refresh: zaidi ya dola milioni 20 za kugawa kwa miradi ya watu, kuanzia dola 5,000 hadi 250,000, na mshindi anachaguliwa kwa kura za intaneti. Baada ya muda malalamiko yakaanza kwamba kuna watu wanaopanga kura kwa ujanja, na kwamba kikundi chenye marafiki wengi kwenye mtandao kinakishinda kikundi chenye shida nyingi. Mwaka 2012 mpango ukafungwa. Uingereza wana njia nyingine, nayo ilinipendeza zaidi. Maduka ya Waitrose tangu mwaka 2008 yalikuwa yakimpa mteja kidude cha plastiki cha kijani, mfano wa kifungo kikubwa cha koti, naye akitoka anakitumbukiza kwenye sanduku la mradi anaoupenda kati ya mitatu. Tesco nao walifuata baadaye mtindo kama huo, kwa pesa zilizotokana na mifuko ya plastiki. Pale huwezi kukaa kwenye mtaro ukatumbukiza vidude elfu. Ila asiyenunua hana kidude, na mtu anayekuja dukani kila siku ana kura nyingi kuliko anayekuja mara moja kwa wiki.

Kura ya serikali ina kadi, ina orodha ya majina, na kidole kinachochovywa wino. Kura ya kampuni haina wino, na wengi hawaoni tofauti hiyo.

Lakini kuna pesa za kampuni ambazo si zawadi, na hapa watu wa Kamina tuna donda letu. Sheria ya Madini ya Kongo ya mwaka 2002 ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Tangu hapo kampuni inayochimba inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Kwa kila dola 1,000 ya madini iliyouzwa, dola 3. Ni kidogo kwa macho, lakini mgodi unaouza madini ya dola bilioni moja unatoa milioni tatu. Pesa hizo zinasimamiwa na chombo ambacho ndani yake kampuni inakaa na wawakilishi wa jamii, na kando yake kuna daftari la ahadi, cahier des charges, ambamo kampuni na wenyeji wanaandikiana kitakachojengwa na lini. Hata kabla ya sheria hiyo, mgodi wa Tenke Fungurume ulikuwa na mfuko wa jamii wa asilimia hiyo hiyo, wenye bodi ya kampuni, serikali ya jimbo na wenyeji.

Halafu kuna ushuru wa kampuni kwa serikali, redevance. Sheria imeugawa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au sheferi yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo.

Sasa tazama ramani. Treni ya kutoka Lubumbashi inapita Likasi na Tenke, inashuka Luena, inavuka mto Lualaba pale Bukama, ndipo inafika kwetu. Hapa njia inagawanyika, moja kwenda Kasai hadi Ilebo, nyingine kwenda Kabalo na Kalemie. Mji huu ulilelewa na reli. Katanga ilipogawanywa mwaka 2015 tukawa makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, tukapiga vigelegele. Migodi mikubwa ya shaba na kobalti ilibaki kwenye majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga. Sisi tulipata reli, samaki, mihogo na kambi ya jeshi. Mtu wa Fungurume ana haki kwa sheria ya kukaa kwenye meza ya ile 0.3. Mtu wa Kamina anangoja kampuni ya hapa na pale ijisikie kutoa, na ikitoa anaambiwa achague 1, 2 au 3. Ndugu zetu wa huko Lualaba wana malalamiko yao kuhusu hiyo meza, nayasikia kila wanapopiga simu. Lakini angalau meza ipo.

Kuhusu simu zenyewe, nisije nikazilaani wakati zinanilisha. Kule Kivu ya Kusini, tangu mwaka 2011 hivi, Benki ya Dunia ilisaidia mpango wa wananchi kupanga bajeti pamoja na viongozi wao, Ibanda mjini Bukavu na Luhwinja kule milimani zikiwamo. Meseji iliwaita watu kwenye mkutano, meseji ilitumika kupigia kura, na meseji ilirudi kuwaambia kilichoamuliwa. Ninachokipenda pale ni kwamba watu walikutana kwanza. Walikaa, wakabishana, wakasikia bei ya vitu, kisha simu ikaja kuhesabu. Mjini Porto Alegre, Brazili, walikoanza mtindo huo mwaka 1989, ilikuwa mikutano vilevile, mtaa kwa mtaa. Kwetu simu ilikuja kabla ya mkutano, na mkutano haukuja kabisa.

Kampuni ilirudi mwaka uliofuata. Safari hii walimtuma kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, akapita kwangu kuuliza bei ya unite za jumla. Nikamwambia, “Mwanangu, biashara hiyo naijua, nimeshaila. Kwanza nenda kwa shefu wa avenyu, waite watu.” Nilikuwa najiharibia soko, lakini lile beseni la bibi wa samaki lilikuwa linanitazama kila asubuhi.

Tulikutana chini ya mwembe, Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, watu bado wana majembe mkononi. Yule kijana akafungua karatasi yake: foraji, madawati, taa za jua barabarani. Akaanza kueleza namna ya kuchagua. Bibi muuza samaki akanyoosha mkono.

“Papa, samahani. Na ile pampu yetu?”

“Pampu gani, Mama?”

Kumbe foraji tulikuwa nayo. Iko nyuma ya ukuta wa shule, pampu ya mkono, ilichimbwa zamani na watu wa msaada, ikafa. Watoto waliutumia mkono wake kama bembea mpaka ukang'oka. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa reli akasimama akasema maji yako pale pale chini, hayajaenda popote; zimekwisha raba za silinda, na mabomba mawili yametoboka. Akataja bei kwa kukisia. Hata mimi nilishangaa: ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya foraji mpya.

Mwaka mzima tuligombana juu ya 1 na 3, na kitu tulichokihitaji hakikuwamo kwenye orodha. Sidhani kama kuna aliyekificha. Orodha iliandikwa ofisini, na ofisini watu hupenda kitu kipya, kwa sababu kitu kipya kinapigwa picha, kinakatwa utepe, kinawekwa kibao chenye jina la kampuni. Raba ya silinda utaibandika wapi kibao? Tangu siku ile nikisikia wananchi watachagua, nauliza kwanza nani ameandika vya kuchaguliwa. Kijana wa kampuni, namsifu kwa hili, alitoa kalamu akaandika kwa mkono chini ya karatasi yake: 4, kutengeneza pampu.

Hatukutumia simu. Tulileta mabeseni manne, kila moja limefunikwa kipande cha kitenge chenye tundu la kupitisha mkono, na mbele yake kitu cha kulitambulisha: bidoni, kipande cha ubao, balbu, na ule mkono wa pampu uliong'oka, ambao mtu alikuwa anautumia kufungia mbuzi. Kila mtu mzima anapewa punje moja ya mahindi. Unaingiza ngumi kwenye kila beseni, mabeseni yote manne, punje unaiacha kwenye moja, jirani hajui.

Ugomvi haukukosa. Wanaume wawili walitaka punje moja kwa kila nyumba, yaani mkononi mwao. Mwenye wake wawili akabadili mawazo haraka alipohesabu kwamba kwa watu wazima nyumba yake ina punje tatu, basi hoja hiyo ikapita. Wa ng'ambo ya reli walikuja nao, tukabishana kama ni wenzetu; tukauliza wanachota wapi maji, wakasema hapa hapa, wakapewa. Wakati wa kuhesabu kuku wa jirani alidonoa kura mbili kabla hajafukuzwa. Ilibidi shefu aulize kwa sauti kama kuna anayetaka kura zirudiwe. Hakuna aliyetaka, maana pampu ilikuwa imeshinda mbali. Pesa iliyobaki ikaenda kwenye madawati.

Raba zilitoka Lubumbashi kwa treni, na anayeijua treni yetu anajua maana yake: tulizingoja mpaka watu wakaanza kusema kijana amezila. Zilifika zimefungwa kwenye gazeti. Yule fundi mzee alizifunga mwenyewe na mwanawe. Siku hizi kila nyumba inatoa franka kidogo kwa mwezi, na daftari liko kwangu kabineni, kati ya la madeni na la simu zinazochajiwa. Katibu wa timu naye anachota pale, amevaa jezi yake namba 9, na kila akipita namwambia bado namdai meseji moja ya maji.

Kampuni imesema itakuja tena baada ya mavuno. Sisi tutakutana wiki moja kabla yao, tuwe na karatasi yetu. Shefu ameniambia nitafute mahindi ya njano safari hii. Meupe, anasema, kila nyumba inayo, na mtu anaweza kuja na punje zake mfukoni.