Tuongeze memori ya ordinatere zetu, ao tuache?



Swali moja linazunguka siku hizi ku masomo yetu: feza kidogo ya wazazi iliyotengwa kwa ajili ya sale ya ordinatere (kompyuta, vile ndugu zetu wa Tanzania wanaziita), tuinunulie memori, ao kitu kingine? Wengine wanasema: "Mashini zinaenda polepole, muongeze giga, basi." Wengine wanajibu: "Ni za zamani, muzitupe." Sisi wa gazeti tunaona kwamba wote wawili wanajibu mbele ya kupima. Ba finalisti wanne wanangojea mashini moja. Tukichagua vibaya, feza itakwisha na wale wanne watakuwa wangali wanangojea. Basi tueleze ginsi ya kupima.

1. Memori ni kitu gani?

Tuchukue mama mwenye kuuzisha mu soko ya Kenya. Mbele yake iko meza, nyuma iko depo yenye magunia. Kitu kilicho ku meza anakupa mara moja. Kisichokuwa pale, lazima asimame akitafute mu depo. Ordinatere ni vilevile. Meza njo memori. Depo njo diski, mahali kazi zetu zinalala hata mashini ikizimwa. Mama mwenyewe njo prosesere, mwenye kufanya hesabu.

Meza ikiwa ndogo na wanunuzi wengi, mama anashinda njiani. Mashini ya giga 2 ikifungua Windows 10, Word na intaneti pamoja, meza inajaa. Inaanza kupeleka vitu mu diski na kuvirudisha, bila kupumzika. Pale njo tunaona taa ya diski inawaka tu, na tunafikiri mashini imekufa. Lakini kama meza ingali na nafasi, na ni mama ndiye mwenye kuchoka, kuongeza meza hakumpi miguu.

2. Tuangalie kama ni memori inayokosa

Hii haiombi hata franka moja. Fungua kazi zote unazofanyaga kila siku, kiisha bonyeza Ctrl, Maj na Échap pamoja, uingie mu "Performance". Kama "Mémoire" inapita 85 kwa mia, na diski nayo inashinda karibu na 100, memori njo inakosa. Kama memori iko ku nusu tu na diski peke yake iko ku 100, ugonjwa ni wa diski: depo iko mbali. Diski ya aina ya SSD, isiyokuwa na kitu kinachozunguka ndani, itasaidia kupita giga zozote. Tena, mbele ya yote, tuondoe virusi vilivyoletwa na makle ya USB, na programu zinazojifungua zenyewe asubuhi. Zinakula meza bure.

3. Mashini inakubali ngapi?

Angalia "Type du système". Kama ni biti 32, Windows tunazotumia sisi haziwezi kuhesabu kupita giga 4. Ukiweka 8, zingine zinalala bure mpaka ubadilishe sisteme kuwa ya biti 64, na prosesere nayo iikubali. Kiisha hesabu nafasi za kuwekea barette ku karte kubwa ya ndani, na usome mu kitabu chake mwisho wake ni giga ngapi.

Barette zenyewe haziko za jamaa moja. Iliyoandikwa PC2 ni DDR2, PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4. Kila moja iko na kipengele chake mahali pengine, hivi haiingii kwa mwenzake. Usisukume kwa nguvu! Ya ordinatere ya meza ni ndefu, karibu santimetre 13. Ya kubeba ni kama nusu yake.

4. Tujaribu mbele ya kununua

Ku sale kama yetu hakukosi mashini moja iliyokufa. Barette yake pengine ingali nzima. Toa waya ya umeme, gusa chuma cha kasha kwanza (zaidi sana wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu na mwili unabeba umeme kidogo), ondoa vumbi nyekundu, panda barette mpaka vishikizo viwili vilie "tak". Uiache siku moja na darasa lifanye kazi. Mashini ikikimbia, tumejua jibu bila kutumia kitu.

Kama inapasa kununua, nyingi zinazouzishwa mu mji wetu zilikwisha kutumika. Tumwombe muuzishaji siku chache za kujaribu, na tupitishe kipimo cha memori kilicho ndani ya Windows yenyewe. Kwa zile mpya, tujue kwamba tangu mwisho wa mwaka 2025 bei ilipanda sana duniani, kwa sababu viwanda vinauzishia kwanza mashini kubwa za akili bandia.

5. Memori haiwezi nini?

Haiponyeshi uzee. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inaomba giga 4, lakini inaomba pia kifaa cha usalama TPM 2.0 na prosesere ya karibuni. Mashini ya mwaka 2010, hata ukiijaza giga 16, bado haitimizi masharti yake. Lakini Linux Mint ni ya bure, inaomba giga 2, na kwa giga 4 inaenda muzuri. LibreOffice iko ndani yake.

Tena memori haishindi SNEL. Umeme ukikatika, vyote vilivyokuwa ku meza vinapotea, meza ikiwa ndogo ao kubwa. Kwa hiyo ondilere moja nzuri pengine inafaa kupita barette kumi.

Shauri letu

Mashini yenye biti 64, inayojaza giga 2, na inayokubali DDR3: tuipe giga 4, tuweke Linux, itatufaa miaka ingine. Ile ya DDR2 na prosesere ya kuchoka tusiinunulie kitu. Itolewe barette na waya kwa kusaidia wenzake. Feza inayobaki iende ku ondilere na SSD.

Darasa lolote linaloweza kupima mashini moja wiki hii, liandike hesabu yake ku karatasi na kuileta kwetu. Tutapeleka zote kwa Prefe mbele ya mkutano wa wazazi, hivi watakata neno wakiwa na hesabu mu mikono.