Pikapu Inayokula Kuliko Kibandiko Kinavyosema

Barabara namba 355 inaukata mji wa Rockville, Maryland, kutoka kusini hadi kaskazini. Ukiifuata mpaka Shady Grove, kwenye kituo cha taka cha Kaunti ya Montgomery, utakuta pikapu zimepanga foleni: za mafundi rangi, za wakata majani, za wajenzi waliobeba mbao na mabaki ya dari. Wenye magari ya aina hii wana lalamiko lisiloisha. Ford F-150 ya mwaka 2021 yenye injini ya lita 2.7 na inayosukuma magurudumu ya nyuma tu iliuzwa na kibandiko cha serikali dirishani kilichosema maili 20 kwa galoni mjini, 26 barabara kuu, wastani 22. Mwenye gari anajaza tangi, anapiga hesabu, anapata 16. Kwa hesabu ya Dar es Salaam au Mombasa, ni kutoka zaidi ya kilomita 9 kwa lita hadi chini ya 7.

Wa kwanza kushukiwa huwa ni muuzaji, wa pili ni fundi. Mara nyingi wote wawili hawana hatia. Namba ya kibandiko ilipatikana kihalali, ila gari lilipimwa likiwa ndani ya nyumba, bodi yake tupu.

Upimaji huo unasimamiwa na EPA, shirika la Marekani la kulinda mazingira, lenye maabara yake ya magari mjini Ann Arbor, Michigan. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na watengenezaji wenyewe, kisha EPA hukagua matokeo na kuthibitisha kama asilimia 15 hadi 20 ya magari. Gari hupandishwa juu ya rola, magurudumu yakazunguka papo hapo, na mashine ikatia ukinzani wa kuiga upepo na msuguano wa barabara. Dereva hutazama mstari kwenye skrini unaomwelekeza kila sekunde aende kwa spidi gani. Uzito unaohesabiwa ni wa gari lenyewe na nyongeza ya pauni 300, kama kilo 136. Hakuna mchanga, hakuna ngazi juu ya paa, hakuna sanduku la vyuma nyuma ya kiti.

Jaribio la mjini lina urefu wa maili 11, linachukua dakika 31, na gari husimama mara 23. Lile la barabara kuu ni la maili 10 bila kusimama hata mara moja. Wastani wake ni maili 48 kwa saa, na spidi ya juu kabisa ni 60. Kuanzia magari ya mwaka 2008 yaliongezwa majaribio matatu: la mwendo mkali unaofika maili 80 kwa saa, la kiyoyozi kwenye joto la nyuzi 35, na la baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri. Namba za vibandiko zikashuka, zikausogelea ukweli. Hata hivyo si kila gari hupitishwa majaribio yote matano. Mengi hupimwa kwa yale mawili ya zamani, kisha matokeo yakarekebishwa kwa fomula.

Wamarekani hata hivyo wana nafuu. Huko Ulaya, taasisi ya utafiti ya ICCT ilionyesha kwamba pengo kati ya ulaji wa mafuta uliotangazwa na ule wa barabarani lilikua kutoka asilimia 9 mwaka 2001 hadi 42 mwaka 2015, ndipo mfumo wa upimaji ukabadilishwa. Na mnunuzi wa gari lililotumika kutoka Japani, awe Nairobi au Dar, akiona kilomita kwa lita zilizopimwa kwa mfumo wa 10-15 au JC08, ajue kwamba anasoma namba za mwendo wa upole kuliko hata huo wa Michigan.

Kinachoiumiza pikapu zaidi ya sedani ni hewa. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa spidi: kutoka maili 60 hadi 75 kwa saa spidi imeongezeka kwa robo, lakini nguvu inayolirudisha gari nyuma imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Pikapu ina uso mpana uliosimama wima, imeinuka juu ya ardhi, na bodi yake iko wazi. Barabara ya I-270, inayoiunganisha Rockville na Frederick kaskazini na mzunguko wa Beltway kusini, ina sura mbili: asubuhi magari yanatambaa kuelekea Washington, usiku yanakimbia. Sura hizo mbili hazifanani hata kidogo na jaribio la maili 48 kwa saa.

Wapo wanaoushusha mlango wa nyuma wa bodi ili hewa ipite. Ni imani ya zamani, na vipimo havikuiunga mkono. Mlango ukiwa juu, hewa iliyo ndani ya bodi hujizungusha ikawa kama mto, na ile inayotoka juu ya kabati huteleza juu yake. Ukiushusha mlango unauvuruga mzunguko huo. Kifuniko cha bodi kinaweza kusaidia kidogo. Mlango ulioshushwa, hapana.

Halafu kuna baridi. Asubuhi ya Januari mwenye gari wa Rockville anaiwasha pikapu kwa rimoti akiwa bado jikoni, ili akute barafu ya kwenye kioo imeyeyuka. Inanguruma dakika kumi na tano uani. Kwa saa moja ya kunguruma hivyo injini huchoma kati ya robo na nusu galoni, na maili iliyokwenda ni sifuri. Mafuta ya injini ni mazito, giaboksi ni baridi, na kompyuta inamwaga petroli nyingi mpaka injini ipate joto lake. Kwa takwimu za serikali ya Marekani, kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri gari la petroli hupoteza kama asilimia 15 ya maili zake ikilinganishwa na siku ya nyuzi 25. Safari ikiwa fupi, ya maili tatu au nne, hasara inaweza kufika asilimia 24. Injini za kisasa zinahitaji nusu dakika tu ya kunguruma, kisha ziendeshwe taratibu. Zinapata joto haraka zaidi zikiwa kazini.

Baridi hiyohiyo hupunguza upepo wa tairi, takriban psi 1 (kipimo cha shinikizo la upepo) kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazoshuka. Tairi zilizojazwa vizuri Septemba zitakuwa zimelegea Januari bila kutobolewa na msumari. Kila psi 1 inayopungua kwenye tairi zote nne hula asilimia 0.2 ya maili. Ni kidogo, lakini kuiokoa ni kazi ya dakika tano.

Tairi zina hila nyingine inayowapotosha hata wanaojua kupiga hesabu. Mwenye pikapu akitoa tairi za 265/70R17 akaweka za 285/70R17 ili gari lisimame juu, kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 3.5. Tairi kubwa huzunguka mara chache zaidi kwa kila maili, na dashibodi, kama haikurekebishwa, inaendelea kuhesabu kila mzunguko kwa kipenyo cha zamani. Itasema maili 300 wakati gari limekwenda 310. Sehemu ya hasara anayoilalamikia ni ya kihesabu tu. Iliyobaki ni ya kweli, maana tairi hizo ni nzito, ni pana, na zimeliinua gari kwenye upepo.

Injini nazo zimebadilika. Watengenezaji wengi wamepunguza ukubwa wa injini na kuziongezea turbo. Kwenye rola, gari likiwa tupu, turbo inapumzika na injini ndogo inakula kidogo. Fundi akipakia mifuko ya saruji na kupanda vilima vya kwenda Frederick, turbo inaamka na petroli inafuata. Injini za silinda nane zinazozima nusu ya silinda zake zinahitaji mwendo laini usiokatika, na Rockville Pike, ileile barabara namba 355, yenye taa kila hatua, haiutoi.

Kabla ya kwenda gereji, mwenye gari apime ipasavyo. Ajaze tangi mpaka pampu ikatike yenyewe, aandike maili, aendeshe kama kawaida, ajaze tena kwa namna ileile, kisha agawanye maili kwa galoni. Tangi moja halitoshi. Matatu au manne mfululizo yanaonyesha sura halisi. Namba ya kwenye dashibodi ni makisio ya kompyuta, na aghalabu hupendelea gari. Petroli yenyewe, kama nyingi za Marekani, huchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, na hiyo hupunguza kama asilimia 3 ya maili.

Hesabu ikionyesha kuporomoka kwa ghafla, hapo kuna ugonjwa. Sensa ya oksijeni iliyokufa inaweza kupoteza hadi asilimia 40. Breki inayoshika huacha gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine. Themostati iliyokwama wazi huifanya injini ibaki baridi na kompyuta iendelee kumwaga petroli. Ndiyo hasara wanayojitia wenye magari wa Dar ambao mafundi wao huing'oa kabisa kwa hofu ya injini kuchemka. Filta ya hewa iliyochafuka haimo: Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Tennessee, ilipima na kukuta kwamba kwenye injini za sindano za mafuta inapunguza nguvu ya kuchomoka tu, maili hazibadiliki.

Kuna pikapu ambazo mwenyewe hana hata namba ya kulalamikia. Zile kubwa zinazozidi pauni 8,500 kwa jumla ya gari na mzigo wake, kama Ford F-250, hazilazimiki kuonyesha ulaji wa mafuta kwenye kibandiko. Na kodi ya magari yanayobwia mafuta, iliyotungwa mwaka 1978, iliyahusu magari ya abiria na kuziacha pikapu nje.

Hesabu ya maili kwa galoni nayo inaficha ukubwa wa hasara. Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke waliandika katika jarida la Science mwaka 2008 kwamba watu huisoma vibaya, na vibandiko vya magari kuanzia ya mwaka 2013 vikaongezewa galoni kwa maili 100. Kwa kipimo hicho, pikapu iliyoshuka kutoka 22 hadi 16 imepanda kutoka galoni 4.5 hadi 6.25. Kwa mwendo wa maili 12,000 kwa mwaka, hizo ni galoni 205 za ziada, zaidi ya dola 600 kwa bei ya dola 3.

Tuchukue familia ya Rockville yenye pikapu ya zamani inayopata maili 14 na sedani inayopata 33. Wakiibadilisha pikapu kwa ya maili 20 wataokoa galoni 2.1 kwa kila maili 100. Wakiibadilisha sedani kwa gari la haibridi la maili 50 wataokoa galoni 1. Wakiyaacha magari yote mawili kama yalivyo, wakaihamishia sedani safari za dukani na shuleni na pikapu ikabaki na mizigo, kila maili 100 walizohamisha zinaokoa zaidi ya galoni 4.