Fahamu: Nyota za hospitali hutolewaje?

Hospitali ya umma inaposifiwa na serikali, wengi huona cheti na picha ya viongozi tu. Kipimo chenyewe kinatufaa zaidi.

Mwaka 2015 Tanzania ilianza kupima zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya kwa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Timu ya wakaguzi hufika kituoni na kuangalia mambo mengi: dawa, usafi na kuzuia maambukizi, huduma za dharura na rufaa, takwimu, majengo, na hata iwapo wagonjwa wanaridhika na huduma. Lengo lilikuwa nyota tatu au zaidi. Awamu ya kwanza ilitoa jibu chungu, kwani takriban theluthi moja ya vituo havikupata hata nyota moja. Kufikia 2017/18 hali ilikuwa imeboreka sana, ingawa vyenye nyota tatu au zaidi bado vilikuwa kama kimoja kati ya vitano.

Kwa wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, naona kipengele cha rufaa ndicho kizito kuliko vyote. Hospitali ya wilaya, Kinyonga, iko Kivinje, bara. Mjamzito anayetokwa damu kisiwani Songo Songo lazima avuke bahari kwanza. Akihitaji huduma kubwa zaidi, safari ni ndefu hadi Hospitali ya Rufaa ya Sokoine, Lindi mjini. Wauguzi wanaompokea akiwa hai wanastahili kila heshima.

Mwananchi naye ana nafasi: kamati ya kituo ina wajumbe kutoka jamii. Waulizeni matokeo ya ukaguzi, na kilichorekebishwa tangu hapo.