Tope la Ziwa Letu Linavyotunza Kumbukumbu ya Mvua na Ukame

Mkazi wa Bunyala aliyewahi kurudi shambani baada ya mafuriko ya Mto Nzoia ameliona jambo hili. Karibu na pale tuta lilipobomoka, shamba limefunikwa na mchanga. Ukisonga mbele mchanga unapungua, na mbali zaidi unakuta tope laini ambalo hupasuka likikauka. Mafuriko ni yale yale, lakini udongo umejipanga kwa ukubwa wa chembe zake. Kwa kanuni hiyo hiyo, wanasayansi huweza kujua hali ya hewa ilivyokuwa maelfu ya miaka iliyopita.

Kwa nini chembe hujipanga?

Maji yenye kasi hubeba mchanga na hata kokoto. Yakipungua kasi, chembe nzito hutua kwanza. Katika maji yaliyotulia, chembe ya mchanga yenye upana wa milimita 0.1 huzama mita moja kwa dakika 2 hivi. Chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye upana wa milimita 0.002 huchukua takriban siku 3. Unaweza kujaribu nyumbani: tia udongo wa shamba kwenye chupa ya maji, tikisa, kisha iache itulie. Mchanga utakaa chini, tope laini juu yake, na maji yatabaki na rangi hadi kesho yake au zaidi.

Tope husomwaje?

Watafiti hushusha bomba refu kutoka kwenye mashua, hulididimiza katika sakafu ya ziwa, kisha huvuta juu nguzo ya tope. Tope la juu ni la miaka ya karibuni. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyorudi nyuma. Nguzo hukatwa vipande vyembamba na chembe zake hupimwa, kubwa kwa chekecheo na ndogo kwa mwanga wa leza. Umri hukadiriwa kwa kupima kaboni iliyo katika mabaki ya mimea.

Tope laini huonyesha kwamba maji yalikuwa mengi na ufuo ulikuwa mbali. Mchanga huweza kuonyesha kwamba ziwa lilipungua na ufuo ukasogea. Lakini mchanga huletwa pia na mafuriko makubwa, kwa hiyo chembe peke yake hazitoshi. Watafiti huzilinganisha na chavua ya mimea ya kale na magamba ya mwani mdogo, ndipo watoe uamuzi.

Ziwa liliwahi kukauka

Mwaka 1996, Thomas Johnson na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa Ziwa Victoria. Chini ya tope laini, hata kwenye sehemu za kina, walikuta tabaka gumu lenye nyufa na alama za mizizi. Mizizi ya namna hiyo haioti chini ya makumi ya mita za maji. Hapo palikuwa nchi kavu. Ukame mkali ulilikausha ziwa, na maji yakaanza kurudi miaka 15,000 hivi iliyopita. Ndiyo maana wanasayansi wengi wanaamini kwamba mamia ya aina za fulu tunaowajua walitokea katika muda huo mfupi.

Inatuhusu vipi?

Ziwa letu ni pana, kilomita za mraba zipatazo 68,000, lakini kina chake hakizidi sana mita 80. Sehemu kubwa ya maji yake hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kwa sababu hiyo, mvua ikizidi au ikipungua kwa miaka michache tu, ufuo husogea. Kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 yalipanda tena, na familia nyingi za Bunyala zikahama makwao.

Kwa hiyo, mkazi wa Port Victoria asiuchukue ufuo wa leo kuwa mpaka wa kudumu. Kabla ya kujenga au kununua kiwanja karibu na ziwa, waulize wazee maji yalifika wapi miaka ya sitini, na ujionee yalipofika 2020. Chimba kidogo uangalie udongo: matabaka ya mchanga na tope yaliyopishana ni dalili kwamba maji yamewahi kupita hapo. Tuyaache mafunjo yaliyo ufuoni, kwa kuwa hupunguza kasi ya maji na kulishika tope. Tusilime wala kuchimba mchanga kwenye matuta ya Nzoia. Na Idara ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, tuhame mapema, pamoja na mifugo, vyeti na mbegu.