Sauti Kutoka Port Blair

Wajukuu zangu, sogeeni karibu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ni ya kweli, na ilitokea katika bahari yetu hii hii, Bahari ya Hindi, upande wa huko linakochomoza jua.

Huko mbali mashariki viko visiwa vya Andaman na Nicobar. Ni sehemu ya India, lakini viko peke yao baharini. Kutoka Port Blair, kama mji wao mkuu ulivyoitwa wakati huo, hadi Chennai kwenye bara la India ni zaidi ya kilomita 1,000 za maji. Mwezi wa Desemba 2004 alikuwa huko mama mmoja aitwaye Bharathi Prasad, na wenzake wachache. Walikuwa na redio, antena na nyaya. Hawakuja kupiga muziki wala kusoma taarifa ya habari. Walikuwa wanaredio wa ridhaa, yaani watu waliojifunza kazi ya redio, wakafanya mtihani, wakapewa leseni ya kuzungumza na wenzao popote duniani bila malipo na bila biashara.

Kwa miaka mingi serikali ilikuwa haiwaruhusu wanaredio wa ridhaa kurusha sauti kutoka visiwa vile, kwa sababu za kiusalama. Basi ruhusa ilipotolewa, wapenzi wa redio wa dunia nzima waligombea kuisalimu Port Blair. Bharathi na wenzake waliwajibu maelfu kwa maelfu: naitwa fulani, nakusikia vizuri, asante, mwingine aje. Mpita njia angedhani ni mchezo tu.

Jumapili, tarehe 26 Desemba, yapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa saa za India, ardhi ilitikisika. Huku kwetu ilikuwa karibu saa kumi alfajiri, nanyi hamkuwa mmezaliwa. Chini ya bahari, karibu na kisiwa cha Sumatra, mwamba ulipasuka kwa tetemeko la ukubwa wa 9.1, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa. Sakafu ya bahari ilipanda ghafla, ikayasukuma maji yaliyo juu yake, na maji yakaenda pande zote kwa mawimbi. Hiyo ndiyo tsunami. Katika nchi kumi na kadhaa walikufa watu zaidi ya 220,000.

Andaman na Nicobar vilikuwa karibu mno na chanzo. Umeme ulikatika, simu zikafa. Katika kisiwa cha Car Nicobar, vijiji vya ufukweni vilifagiliwa, na hata kambi ya jeshi la anga ikaharibiwa vibaya. Bara la India lilikuwa na madaktari, meli na ndege, lakini nani aliyejua ni wapi panahitaji nini?

Hapo Bharathi na wenzake waliacha salamu za kirafiki. Waliwasha redio kwa kazi nyingine: kuwaeleza wanaredio wa bara hali ilivyo visiwani, kupokea majina ya watu waliokuwa wakitafutwa na jamaa zao, na kurudisha jibu kila lilipopatikana. Baadaye wenzake walipeleka redio mpaka Car Nicobar, ili nako sauti isikike. Familia nyingi ziliambiwa kwa njia hiyo kwamba mtu wao yu hai. Fikirini uzito wa ujumbe huo kwa mama aliyekaa siku tatu halali wala hali.

Najua mnataka kuniuliza: babu, simu zilikufa, redio ilikuwaje haikufa?

Simu ya mkononi haizungumzi na simu nyingine moja kwa moja. Inazungumza na mnara. Mnara unahitaji umeme, na unahitaji kuunganishwa na mitambo ya kampuni iliyo mbali. Kimoja kikikatika, simu mia moja mtaani zinanyamaza pamoja. Hata mnara ukibaki umesimama, siku ya msiba kila mtu anapiga kwa wakati mmoja, na njia inajaa. Redio ya ridhaa haina mnara wa katikati. Inahitaji betri ya gari, waya uliofungwa juu ya mti au paa, na mtu anayejua kazi yake. Nguvu yake kwa kawaida ni wati 100 hivi, na mara nyingine hata chini ya hapo.

Na sauti ilivukaje kilomita elfu? Juu ya vichwa vyetu, kuanzia kama kilomita 60 kwenda juu hadi mamia ya kilomita, kuna tabaka za hewa nyembamba sana ambazo jua limezitia chaji ya umeme. Huitwa ionosfera. Mawimbi ya redio ya masafa mafupi yakifika huko hupindwa na kurudi chini, kama mpira uliorushwa kwenye dari. Yakigusa ardhi au bahari huweza kuruka tena, na hivyo huvuka bahari nzima. Lakini ionosfera hubadilika na jua. Mchana masafa ya megahezi 14 hufika mbali. Usiku mara nyingi hayo hufifia, na mwanaredio huhamia megahezi 7. Asiyejua hilo atapiga kelele usiku kucha asisikike. Ndiyo maana nasema redio peke yake haiokoi mtu. Kinachookoa ni redio iliyo mikononi mwa aliyejizoeza kabla.

Sikilizeni sasa jinsi wanavyofanya kazi siku ya dharura, maana hapa ndipo pana somo kubwa. Wote hukutana kwenye masafa mamoja, na stesheni moja huwa kiongozi. Hakuna anayesema kabla ya kuitwa. Kiongozi huuliza: nani ana ujumbe wa kuokoa maisha? Huyo hutangulia. Wanaohitaji dawa, maji au boti hufuata. Salamu na habari nyingine husubiri. Mwanaredio mwenye ujumbe huusoma polepole, na anayeupokea huuandika kwenye karatasi, kisha huusoma tena neno kwa neno ili mwenzake ahakikishe. Mkiona ni kazi ya kuchosha, kumbukeni kwamba redio ina mikwaruzo. Kwenye mikwaruzo, Asha na Aisha husikika sawa. Mkikosea herufi moja, mama wa Aisha atapewa faraja isiyo yake, na mama wa Asha ataendelea kulia bure.

Kwa hiyo majina hutamkwa kwa herufi, na kila herufi ina neno lake linalojulikana dunia nzima. Asha ni Alfa, Sierra, Hotel, Alfa. Juma ni Juliett, Uniform, Mike, Alfa. Jaribuni majina yenu, halafu muwafundishe rafiki zenu. Kila mwanaredio naye ana alama yake ya mwito, ambayo mwanzo wake huonyesha nchi anayotoka. Alama za Kenya huanza na 5Z, za Tanzania 5H, za Uganda 5X, za Rwanda 9X, za Burundi 9U, na za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 9Q. Maana yake ni kwamba nasi tumo katika jamaa hii.

Wala msidhani mawimbi yale ya mwaka 2004 yalikuwa mambo ya watu wa mbali. Yalivuka bahari nzima, na saa kadhaa baadaye yakafika kwetu. Somalia walikufa watu karibu 300. Tanzania walikufa watu wasiopungua kumi. Kenya alikufa mtu mmoja. Huko Mombasa habari za msiba zilikuwa zimewahi kuliko maji, na polisi wakawaondoa watu ufukweni. Maji yalikuwa yale yale, lakini penye habari watu walipata nafasi ya kukimbia. Ujumbe unaofika kwa wakati ni uhai.

Nasi tuna dharura zetu: mafuriko, maporomoko ya udongo, vimbunga, meli zinazozama. Katika siku kama hizo polisi na jeshi hutumia redio zao za upepo, lakini hawawezi kuwa kila kijiji. Mtu wa kujitolea, mwenye leseni, betri iliyojaa na daftari, anaweza kuwa masikio ya kijiji chake.

Basi wajukuu zangu, anzeni mapema. Someni fizikia kwa bidii, hasa umeme na mawimbi. Jifunzeni kusema ujumbe kwa ufupi: nani, wapi, nini kimetokea, nini kinahitajika. Mkikua, nendeni kuomba leseni: Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania ni Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), Uganda ni Tume ya Mawasiliano (UCC). Msirushe sauti bila leseni, kwa maana ni kosa, na mnaweza kumziba mtu anayeomba msaada. Zaidi ya yote, jizoezeni kusikiliza kabla ya kusema. Bharathi na wenzake hawakuja kisiwani kwa ajili ya tsunami, lakini ilipofika iliwakuta tayari. Nanyi dharura iwakute tayari.