KIZUNGUZUNGU KINAPOTOKEA SHINGONI

Je, umewahi kugeuza shingo ukahisi darasa zima linayumba? Ukisema una kizunguzungu, wenzako hawachelewi: "Malaria hiyo!" Au msichana anaambiwa, "Una mimba wewe!" Ni kweli, sababu ni nyingi: njaa, upungufu wa maji au damu mwilini, malaria, ujauzito, matatizo ya sikio la ndani. Lakini wakati mwingine chanzo ni shingo.

Inakuwaje?
Ubongo hujua kichwa kimekaaje kwa taarifa toka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na misuli na viungo vya shingo. Shingo ikiumia, tuseme kwenye ajali ya gari, au ikikakamaa, taarifa zake hupishana na za macho na masikio. Ubongo unachanganyikiwa, nawe unayumba.

Dalili zake
Shingo inauma au imekaza. Kizunguzungu kinakuja ukigeuza au kuinua kichwa. Hakuna kipimo kimoja cha kuthibitisha, kwa hiyo daktari huchunguza kwanza sababu nyingine. Usijipime mwenyewe!

Tiba ya mikono
Mtaalamu wa fiziotherapia husogeza viungo vya shingo kwa mikono, taratibu, kisha hukufundisha mazoezi. Australia, utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulihusisha watu 86. Waliotibiwa kwa mikono walipata nafuu zaidi ya wale waliopewa tiba ya kuigiza tu.

"Basi niende kwa kinyozi anivunje shingo?"
Hapana! Swali hili vijana huuliza sana. Baada ya kunyoa, kinyozi anakukanda, halafu ghafla anakizungusha kichwa: ka! Raha, sivyo? Lakini kuzungushwa kwa nguvu kunaweza kuchana mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo. Hutokea kwa nadra, ila likitokea linaweza kuleta kiharusi, hata kwa kijana. Usione haya. Mwambie, "Kaka, kichwa niachie."

Wahi hospitali mara moja
Kizunguzungu kikija pamoja na kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, uso kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu, kuzimia, au maumivu makali ya ghafla ya kichwa au shingo, usisubiri kesho.

Kama kinajirudia tu, mwambie mzazi au mwalimu, uende kituo cha afya. Shingo unayo moja. Itunze!