Tiba Asili Ufipa: Kwa Nini Mgonjwa Hunyamaza

Jina la Sumbawanga, kwa tafsiri inayotolewa mara nyingi, humwagiza mtu atupe uchawi wake. Hata hivyo, kwa Wafipa mchawi na mganga si mtu mmoja: mchawi hudhuru kwa siri, mganga hutibu kwa mitishamba na ramli.

Utawala wa kikoloni haukuizingatia sana tofauti hiyo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilitoa maana pana ya uchawi, ikijumuisha hata madai ya kuwa na ujuzi wa nguvu zisizoonekana. Mganga aliyechimba mizizi na pia kupiga ramli hakujua tena anasimama upande gani wa sheria. Wamisionari wa Kikatoliki nao walikemea matambiko. Wagonjwa wakajifunza kuwa habari za mganga hazisemwi mbele ya padri wala daktari.

Uhuru haukuiondoa hofu hiyo. Mwaka 1963 na 1964 harakati ya Kamchape, iliyoelezwa na mwanaanthropolojia Roy Willis, ilipita katika vijiji vya Ufipa ikiwataka watu wasalimishe vifaa vya uchawi.

Leo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 inamtambua mganga aliyesajiliwa. Lakini ukimya umebaki wodini, nao una gharama. Baadhi ya mitishamba ya kuongeza uchungu husababisha mji wa mimba kujikaza kwa nguvu. Mjamzito akiinywa, kisha akatundikiwa oksitosini na mhudumu asiye na habari, mji wa mimba unaweza kupasuka, na mama na mtoto wakapoteza maisha. Mitishamba mingine hudhuru ini au figo.

Kwa hiyo mhudumu aulize kuhusu mitishamba kama anavyouliza kuhusu mzio: "Mama, umetumia dawa gani nyingine, za dukani au za miti shamba? Lini mara ya mwisho?" Aandike jibu kwenye faili bila kukemea, kuuliza si kuidhinisha. Mgonjwa naye aseme alichotumia na, ikiwezekana, ndugu alete mzizi au unga wenyewe.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ni kweli, ila katika uwanda huu mgonjwa amekuwa na sababu ya kuficha, na wa kwanza kuiondoa ni mhudumu.